Glakoma mpya kliniki: uanze na matibabu ya nguvu kiasi gani?

Hii kuhusu glakoma, ugonjwa unaoua neva ya kuonea polepole, ni kwa wenzangu mnaoona macho kwenye hospitali za wilaya na mikoa, matabibu wa macho, maoptometrista, madaktari mlio mwanzoni mwa mafunzo. Kama wewe ni mgonjwa au ndugu wa mgonjwa na umepita hapa, soma tu, utapata maswali ya kumuuliza daktari wako, ila usiache wala kubadilisha dawa mwenyewe kisa umeisoma huku.

Tabia yetu tunaijua. Mtu kaja, presha ya macho iko juu, neva imechimbika, anaandikiwa matone ya timololi asubuhi na jioni macho yote mawili, rudi baada ya miezi mitatu. Awe kijana wa miaka 35 aliyebakiza katundu kadogo ka kuonea au bibi wa miaka 82 ambaye ugonjwa ndo kwanza umemgusa, wote chupa ileile. Akirudi presha haijashuka tunaongeza dawa ya pili, akirudi tena tunaongeza ya tatu, mwaka unakatika hivohivo na neva inaendelea kufa huku sisi tunapanda ngazi. Mimi naona nguvu ya kuanzia haichaguliwi na namba ya presha ya siku ile. Inachaguliwa na makosa kiasi gani jicho hilo linaweza kuvumilia. Jicho lenye akiba kubwa ukikosea kidogo utarekebisha ziara ijayo, jicho lililobakiza kidogo ukikosea miezi sita umelimaliza.

Kabla hujachagua chochote

Hapa sikai sana maana mnajua. Pima presha zaidi ya mara moja, ikiwezekana siku tofauti au hata saa tofauti, na upime kabla ya kuanza dawa kwa sababu ile namba ya bila dawa ndo utakayoihitaji miaka yote ijayo na ukishaanza matone hutaipata tena. Angalia pembe ya jicho, pale maji ya jicho yanapotokea, kwa gonioskopi, yaani lenzi maalumu ya kuiangalia. Hii watu wanairuka sana, eti foleni ndefu, kumbe kama pembe imefunga njia ni nyingine kabisa, huyo anahitaji leza ya kutoboa airisi au hata kutolewa lenzi, na haya ninayoandika huku chini hayamhusu. Unene wa konea (kioo cha mbele cha jicho) ukiweza kuupima upime, wastani ni kama maikroni 540, na konea nyembamba inakudanganya, mashine inasoma 18 (presha ya jicho tunaipima kwa milimita za zebaki) wakati ukweli uko juu zaidi.

Halafu uliza dawa za mzio. Nasisitiza hili. Vijana wengi wenye macho ya kuwasha wanajinunulia matone ya steroidi duka la dawa, deksamethasoni au betamethasoni, wanaweka mwaka mzima, presha inapanda 30, 40, na neva inakufa kimyakimya. Kwa huyo hatua ya kwanza ya matibabu ni kumnyang'anya ile chupa. Mwambie akuletee kila chupa aliyonayo nyumbani, usikubali "nilikuwa naweka dawa fulani nyeupe".

Maswali manne

La kwanza, amebakiwa na nini. Kama una mashine ya fildi, ile ya kupima eneo analoona mgonjwa, tumia MD, yaani wastani wa uoni uliopotea: ikiwa bora kuliko -6 ugonjwa ni wa mwanzo, kati ya -6 na -12 ni wa kati, ikizidi -12 ni mkubwa. Ila usiangalie namba tu, angalia picha, kama weusi umeshagusa katikati ya uoni huyo ni mkubwa hata kama MD inasema -7. Huna mashine? Kikombe cha neva (shimo la katikati ya neva) cha 0.9 ya upana wake na ukingo umelika juu na chini hauhitaji mashine kukuambia.

La pili, ana miaka mingapi mbele yake. Mtu wa miaka 40 anahitaji macho yake miaka 30 au 40 mingine, kwa hiyo hata ugonjwa mdogo kwake ni jambo kubwa. Mzee wa 85 mwenye dalili za mwanzo, presha 24, anaweza kuishi maisha yake yote bila kugundua chochote, na kumwandikia dawa tatu zinazomuunguza macho ni kumuonea.

La tatu, presha ya bila dawa ilikuwa ngapi. Aliyeharibika akiwa na 38 na aliyeharibika akiwa na 17 hawafanani. Huyu wa 17 ndo mgumu, maana neva yake haivumilii hata presha ambayo sisi tunaiita nzuri.

La nne ambalo halimo kwenye grafu yoyote: atarudi? Anakaa wapi, nauli ni kiasi gani, bima anayo, nani anamwekea matone, mvua zikianza barabara inapitika? Mpango wowote unaotegemea arudi kila mwezi kwa mtu asiyeweza kurudi ni mpango dhaifu hata kama kwenye karatasi una dawa nne.

Weka tageti, halafu piga hesabu

Tageti, yaani presha tunayotaka kufikia, ni makisio, sio sheria. Ninavyofanya mimi: ugonjwa wa mwanzo nataka presha ishuke angalau 20 hadi 25% na isizidi 18 hadi 20, wa kati ishuke 30% na ikae 15 hadi 17, mkubwa nataka iwe chini ya 15, na kama weusi umefika katikati nataka 10 hadi 12. Kijana nampunguzia zaidi, mzee sana namlegezea.

Sasa dawa zinashusha kiasi gani? Latanoprosti peke yake 25 hadi 33% hivi, timololi 20 hadi 25, brimonidini karibu na hapo, dorzolamaidi 15 hadi 20. Na hapa ndo wengi wanajidanganya, asilimia hazijumlishwi. Dawa ya pili inashusha kile kilichobaki baada ya ya kwanza, na mara nyingi inashusha pungufu ya ambavyo ingeshusha ikiwa peke yake.

Tuchukue mfano wa kutunga lakini wa kila wiki. Baba wa miaka 54, fundi seremala, anasema jicho la kulia lina ukungu. Kulia presha 34, kikombe 0.9, fildi MD -19 na weusi uko karibu na katikati. Kushoto presha 27, kikombe 0.65, MD -4. Pembe ziko wazi macho yote.

Kulia tageti yangu ni 12. Naanza kuhesabu: latanoprosti ikifanya kazi vizuri inatoa 30%, tunabaki na 24. Naongeza timololi, tuseme inatoa asilimia 18 nyingine, tumefika 20 hivi. Naongeza dorzolamaidi, 17. Dawa tatu, matone matano kwa siku kwenye jicho moja, gharama ya kila mwezi, na bado hatujafika hata 15. Hesabu imeshakwambia siku ya kwanza kwamba jicho hili linaenda kwenye upasuaji, hakuna haja ya kusubiri mwaka ndo ugundue. Kwa hiyo anaanza dawa mbili au tatu leoleo, na leoleo anaandikiwa rufaa ya trabekulektomi, upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya maji ya jicho kutokea, matone ni ya kushikilia tu mpaka tarehe ifike.

Kushoto tageti ni 18 au 19. Latanoprosti peke yake inafika, leza ya SLT, inayosaidia maji ya jicho kutoka, peke yake inaweza kufika. Jicho hili linaanza taratibu. Mtu mmoja, siku moja, macho mawili, nguvu mbili tofauti, na hakuna ubaya wowote, ubaya ni kuandika "BE" (macho yote mawili) kwenye kila mstari wa dawa kwa mazoea.

Ngazi ya chini

Presha juu kidogo, neva nzima, fildi nzima: huyo bado hana glakoma, ana hatari ya kuipata. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 1,636 wenye presha ya juu bila uharibifu ulionyesha baada ya miaka 5 walioachwa bila dawa 9.5% walipata glakoma, waliopewa dawa 4.4%. Dawa inapunguza nusu, ndiyo, lakini ona pia kwamba wengi wa wasiotibiwa hawakupata kitu. Kwa hiyo presha 23, konea nene, umri 65, hakuna ndugu mwenye ugonjwa, unaweza kumfuatilia tu. Presha 32 na kaka yake ni kipofu wa glakoma, usisubiri.

Ugonjwa wa mwanzo uliothibitika, anza na kitu kimoja: leza au tone moja. Kule Sweden walifuatilia watu 255 wenye glakoma ya mwanzo, nusu wakatibiwa na nusu wakasubirishwa, presha ikashuka 25% kwa waliotibiwa, na baada ya kama miaka 6 ugonjwa ulikuwa umesogea kwa 45% ya waliotibiwa na 62% ya wasiotibiwa. Kila milimita moja ya presha iliyoshuka ilipunguza hatari kwa karibu 10%. Hiyo milimita moja muikumbuke mnapoona mgonjwa kashuka "kidogo tu".

Leza au tone?

Hapa nina upande na siufichi. Kama hospitali yako au ya jirani ina mashine ya SLT, leza ndo ianze kwa wagonjwa wengi wa mwanzo na wa kati. Uingereza walifanya utafiti wa LiGHT kwa watu 718, ukatoka 2019, wa leza 74% walikaa miaka 3 bila tone lolote huku presha ikiwa kwenye tageti, na hakuna hata mmoja wao aliyehitaji trabekulektomi ndani ya muda huo, wakati upande wa matone macho 11 yalihitaji. Sawa, utasema hao ni Wazungu wana kila kitu. Basi njoo Moshi. Hospitali ya KCMC walilinganisha SLT na timololi 0.5% kwa wagonjwa 201, matokeo yalitoka 2021, na hawa hawakuwa watu wa presha ndogondogo wala ugonjwa wa mwanzo tu, ni wagonjwa wetu hawahawa. Baada ya mwaka macho yaliyofanikiwa upande wa leza yalikuwa 61%, upande wa timololi 31%.

Isome namba hiyo pande zote mbili lakini. 31% maana yake ile timololi yetu ya kila mtu inawaangusha karibu saba kati ya kumi, na hao walikuwa kwenye utafiti, wanafuatiliwa na kufundishwa namna ya kuweka dawa. Na 61% maana yake leza nayo inawaangusha karibu wanne, kwa hiyo mwambie mgonjwa mapema kwamba inaweza kurudiwa, inaweza kuisha nguvu baada ya miaka, na lazima apimwe wiki 6 baadaye kujua kama imeshika. Kosa ninaloliona ni mgonjwa kuondoka akiamini kapona, harudi miaka minne.

Mjamzito, anayenyonyesha au anayetafuta mtoto, leza inakupunguzia maswali mengi ya dawa. Mwenye macho mekundu ya kuwasha mwaka mzima pia, matone yatamsumbua.

Ukienda na matone, latanoprosti usiku mara moja ndo yenye nguvu na rahisi kukumbuka. Mwambie kuhusu wekundu wa wiki za kwanza, kope kurefuka, na ngozi ya kuzunguka jicho kuwa nyeusi zaidi, asije akaacha akidhani anadhurika. Timololi ni nzuri na bei ya chini lakini uliza pumu kabla ya kuandika, na usiulize "una pumu?" tu maana atasema hapana, uliza kama kifua huwa kinabana au kinapiga filimbi usiku, kama ana pampu ya kuvuta, kama akipanda ngazi anapumua kwa shida, na shika mkono upime mapigo ya moyo. Yakiwa chini ya 60, au daktari wa moyo alishamwambia moyo unapiga polepole, weka kalamu chini. Tone la jicho linashuka puani na kuingia kwenye damu, mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya sana na tone moja.

Ugonjwa wa kati

Huku ndo kunahitaji akili zaidi kuliko kokote. Wengi nawaanzishia latanoprosti au leza na napima baada ya wiki 4 hadi 6, na kama hesabu ya mwanzo inaonyesha kitu kimoja hakitatosha, tuseme presha 32 na tageti 16, naanza na chupa moja yenye dawa mbili ndani au leza pamoja na tone. Sipendi kuanza chupa mbili tofauti siku moja kwa mtu ambaye hayuko hatarini sana, maana akipata madhara hujui ni ipi, na isipofanya kazi mojawapo hujui ipi uitoe. Sheria ndogo: dawa ikishusha chini ya 15% ibadilishe, usiiongezee mwenzake. Tumejaza mifuko ya wagonjwa kwa dawa ambazo hazikuwahi kufanya kazi hata siku moja.

Ugonjwa mkubwa

Hapa acha ustaarabu wa kupanda ngazi moja moja. Utafiti wa TAGS wa Uingereza, watu 453 waliogundulika ugonjwa ukiwa tayari mkubwa, nusu walifanyiwa trabekulektomi moja kwa moja na nusu walianza dawa. Baada ya miaka 2 wastani wa presha ulikuwa 12.4 kwa waliopasuliwa na 15.1 kwa wa dawa, na ubora wa maisha haukutofautiana, yaani kupasuliwa mapema hakukuwaharibia maisha kama tunavyoogopa. Na huo wa Marekani wa CIGTS wa watu 607, ambao kwa jumla dawa na upasuaji vilikwenda sambamba, ulionyesha kwamba wale walioanza na fildi mbaya ndo walionufaika na kupasuliwa mwanzoni. Ulaya mgonjwa wa dawa anapewa latanoprosti kila mwezi bila kukosa. Huku kwetu dawa zinakata, pesa inakata, kwa hiyo mimi napeleka upasuaji mapema zaidi yao.

Ila upasuaji nao una masharti. Wiki za kwanza anaonwa mara kwa mara, kupunguza nyuzi, kuangalia kama kidonda kinafunga njia. Uliza kama ana ndugu mjini wa kufikia mwezi mmoja. Kama hana, mpange mapema na ustawi wa jamii au ndugu wachangie, usimpasue ukamrudisha kijijini kesho yake. Mwambie mtoto wa jicho anaweza kuja haraka zaidi, mwambie jicho likiwa jekundu na lina usaha hata baada ya miaka kumi aje siku hiyohiyo, mwambie kuna hatari ndogo ya kupoteza kile kilichobaki katikati.

Na mwambie hili mpaka alirudie yeye mwenyewe: "Mzee, huu upasuaji sio wa mtoto wa jicho. Hautaongeza kuona. Unalinda hiki ulichonacho." Asipolielewa, akitoka ataona kama zamani au ukungu zaidi, atawaambia kijiji kizima kwamba hospitali wamemharibu, na wagonjwa kumi watakaa nyumbani.

Wakati anasubiri tarehe na presha iko 40, Diamox (asetazolamaidi), dawa ya kumeza ya kushusha presha ya jicho, inasaidia. Uliza mafigo, sikoseli, mzio wa dawa za salfa. Atapata ganzi vidoleni, atakojoa sana, soda itakuwa na ladha ya ajabu, mwambie asishtuke. Ni daraja la wiki chache, sio matibabu ya mwaka.

Pesa na mkono wa mgonjwa

Usimuulize "utaweza kununua?" atasema ndiyo kwa heshima. Piga hesabu naye ya mwaka. Chupa ya latanoprosti ya mililita 2.5 ina matone kama 80, macho mawili ni matone mawili kwa siku, lakini ikishafunguliwa haizidi wiki 4 hadi 6, kwa hiyo ni chupa moja kwa mwezi tu, mara 12. Linganisha na leza moja au upasuaji mmoja, mbele yake na mbele ya mtoto wake anayelipa.

Kisha mpe chupa aweke mbele yako. Utaona mambo. Ncha inagusa kope, anaminya matone matatu, moja linaangukia shavuni, anafumbafumba kwa nguvu na dawa yote inatoka. Tone moja linatosha, jicho halina nafasi ya la pili. Avute kope la chini, aangalie juu, tone, afumbe taratibu na abonyeze kona ya ndani karibu na pua dakika 2. Dawa nyingine isubiri dakika 5. Kama mkono unatetemeka au hana wa kumwekea, hiyo peke yake ni sababu ya kuhamia leza au upasuaji, na uiandike kwenye faili kama sababu.

Utajuaje umekosea kipimo

Wa ugonjwa mkubwa nampa wiki 2, wa kati na wa mwanzo wiki 4 hadi 6, sio miezi mitatu. Kwenye faili naandika vitu vinne juu kabisa kwa kalamu nyekundu: presha ya bila dawa, tageti ya kila jicho, hali ya neva siku ya kwanza, na kwanini nimechagua nilichochagua. Mwenzako wa zamu ijayo akiona "kulia 17" bila tageti ataandika endelea na dawa, akiona tageti 12 atashtuka.

Presha ikifika tageti lakini fildi inaendelea kuliwa, tageti ilikuwa ya juu, ishushe. Ila kabla ya kushusha uliza kwa upole aliweka dawa lini mara ya mwisho, maana wengi huweka siku mbili kabla ya kliniki tu. Miaka 2 ya kwanza jitahidi afanye fildi mara nyingi, ikiwezekana mara 6, maana wapo wachache ambao ugonjwa wao unakimbia na bila kupima utawajua wameshaanguka. Na kwa wazee, kama miaka inapita na hakuna kinachosogea na macho yamevimba kwa dawa tatu, punguza moja uone.

Kabla hajatoka chumbani uliza ndugu wa tumbo moja na watoto waliofika miaka 35 na kuendelea wako wapi, muwekee siku ya kuwaleta, hao hatari yao ni mara kadhaa ya watu wengine na kati yao ndo utawapata wale wa kuanza na leza moja.